Malawi: Katiba yampa mgeni kura, mezani aulizwa kitambulisho

Katika soko la Dzaleka, wilayani Dowa, mfanyabiashara kutoka Kyela au Uvira hahitaji mkalimani. Bei hutajwa kwa Kiswahili, katikati ya Kirundi, Kinyarwanda na Chichewa. Kambi hii, ambayo zamani ilikuwa gereza, ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Ilipangiwa watu wasiozidi 12,000 hivi; sasa wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Watoto wa kwanza kuzaliwa hapa wameshakuwa watu wazima.

Baadhi yao walihamia Lilongwe, wakafungua maduka na kulipa kodi. Ndipo linapokuja swali: anayelipa kodi, kwa nini asipige kura?

Jibu la Malawi litawashangaza wasomaji wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ambako kura ni ya raia peke yake. Kifungu cha 77 cha Katiba ya Malawi kinamruhusu hata asiye raia kujiandikisha, mradi awe na umri wa miaka 18 na makazi yake ya kawaida yawe nchini kwa miaka saba. Anaweza kujiandikisha katika jimbo anamoishi au hata anamofanyia biashara.

Kodi haikutajwa, na ni vizuri. Dereva wa lori anayelala Karonga usiku mmoja akanunua sabuni amelipa kodi ya ongezeko la thamani, lakini nani atadai amchague mbunge wa huko? Aliyekaa miaka saba ni mwingine: barabara mbovu ni yake, ushuru wa soko ni wake.

Ugumu uko mezani. Kwa uchaguzi wa 16 Septemba 2025, aliyekwenda kujiandikisha alitakiwa kuonyesha kitambulisho cha taifa. Mkimbizi ana karatasi za ukimbizi. Tena, Malawi ilipoukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, yakiwemo ya kuzuia mkimbizi kuishi atakapo. Je, kambini ni makazi ya kawaida, au ni kituo cha kusubiri tu?

Wenyeji nao wana hofu yao, na si ya kupuuzwa: kura za kambi moja kubwa zinaweza kuamua nani awe mbunge wa jimbo, huku wengi wa wapiga kura hao wakisubiri kuhamishiwa Marekani au Kanada.

Lakini gharama ya kukosa sauti ilionekana mwaka 2023. Machi mwaka huo serikali iliwaamuru wakimbizi wote wa mijini warudi Dzaleka kabla ya 15 Aprili. Mei, polisi walipita mitaa ya Lilongwe wakakamata mamia, watoto wakiwemo, na maduka yakafungwa. Waliokuwa na stakabadhi za kodi walirudishwa kambini pamoja na wasiokuwa nazo, na hapakuwa na diwani aliyehitaji kura zao.