Majira ya Matuga yaingie chekechea

Ikifika Septemba, vitabu vya picha na karatasi za mazoezi kutoka ng'ambo hugeuka rangi. Kurasa hujaa majani ya manjano na mekundu, matufaha na maboga makubwa ya rangi ya chungwa. Kwa mtoto wa London au Chicago hilo ni somo zuri, kwa kuwa akitoka nje anayaokota majani yale yale. Siku hizi karatasi hizo hupatikana kwenye intaneti bila shida, na yako madarasa ya chekechea hapa pwani yanayozichapisha jinsi zilivyo. Mtoto wa Ng'ombeni au Mkongani, huku Matuga katika Kaunti ya Kwale, hupaka rangi tufaha ambalo huenda hajawahi kulionja, ilhali nje ya dirisha mwembe umebeba embe changa.

Somo lenyewe lina thamani. Mtoto wa miaka minne au mitano anayefundishwa kuona mwaka unavyogeuka hujifunza kutazama, kulinganisha, kuhesabu na kuuliza kwa nini. Linalopaswa kubadilika ni vifaa, na vifaa tunavyo.

Tuanze na mkungu, mti wa kivuli unaojulikana vyema ukanda wetu wa pwani. Majani yake mapana hugeuka manjano, kisha mekundu, ndipo yakapukutika. Mwalimu akiwatoa watoto uwanjani dakika kumi, kila mmoja hurudi na majani mkononi. Wayapange kwa rangi: mabichi, ya manjano, mekundu, makavu. Wayapange tena kwa ukubwa. Wayahesabu. Kisha jani liwekwe chini ya karatasi na krayoni ipitishwe juu yake kwa ubapa, mishipa ya jani itokeze. Jani la mwembe na la mkanju yakifanyiwa vivyo hivyo, mtoto huona mwenyewe kwamba kila mti una mchoro wake. Hapo hisabati, sanaa na mazingira zimefunzwa kwa pamoja.

Swali litakalofuata ni kwa nini majani huanguka, na linastahili jibu la kweli. Katika nchi za baridi, mchana hufupika sana: London hupata zaidi ya saa 16 za mwanga mwezi Juni, lakini Desemba hubaki na saa 8 hivi. Mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani, manjano iliyokuwa imefichika huonekana, kisha jani hudondoka ili mti usipoteze maji wakati wa baridi kali. Matuga iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, na mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima. Kinachotubadilishia majira ni mvua na upepo. Ndiyo maana mbuyu wa Tiwi huvua majani kiangazi kikikaza, ukaachilia mvua ziuvishe tena. Nao huyavua ili kuhifadhi maji.

Upepo pia unafundishika. Kipande cha leso kikifungwa kwenye mlingoti, watoto hutazama kila asubuhi kinapepea kuelekea wapi. Tangu Aprili hadi kama Septemba, kusi huvuma kutoka upande wa Diani. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi huja kutoka upande wa Likoni. Mwalimu atundike ukutani karatasi kubwa, na kila siku mtoto mmoja achore jua, wingu, mvua au upepo. Muhula ukiisha, darasa litakuwa limeandika lenyewe habari za masika, kipupwe au mwanzo wa vuli.

Rangi ya chungwa ya vitabu vya ng'ambo nayo tunayo. Wakulima wa Kwale hupanda mrangi na kuuza mbegu zake, zinazotumika kutia vyakula rangi. Mbegu chache zikisuguliwa katika mafuta kidogo hutoa rangi ya kuchapishia majani kwenye karatasi, mradi watoto wavae nguo kuukuu, maana rangi hiyo haitoki upesi. Mnazi hutoa vifuu vya kupimia mchanga na maji, na chelewa za kufunga kumikumi wakati wa kuhesabu.

Tahadhari ni lazima. Turituri, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinapendeza lakini ni sumu kali. Mbegu za mbarika vilevile. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochoma ngozi. Na mbegu ndogo zozote zisiachwe mikononi mwa watoto bila mtu mzima kuwatazama, kwa maana huingia puani na masikioni.

Njia hii ina mizizi hapa pwani. Mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said alianzisha Mombasa mradi wa shule za awali za madrasa, ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Walimu wake, wengi wao akina mama wa mitaa hiyo hiyo, walifunzwa kutengeneza vifaa vya kufundishia kwa vitu vinavyopatikana karibu na kwa gharama ndogo. Leo elimu ya awali iko mikononi mwa kaunti, kama ilivyoagizwa na Katiba ya 2010, na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kote nchini 2019, unazipa shughuli za mazingira nafasi yake katika PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya awali. Sera ya lugha nayo inaruhusu watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Basi bibi anayejua majina ya miti kwa Kidigo au Kiduruma aalikwe darasani.

Kwa kawaida muhula wa tatu hufungwa mwishoni mwa Oktoba, kabla ya embe na korosho kuvunwa kwa wingi. Sehemu tamu ya somo huwaangukia wazazi. Mama anayeokota korosho na mwanawe anaweza kumuuliza ni ngapi zaidi zimeanguka leo kuliko jana, na kwa nini.

Mtoto aliyeelewa kwa nini mbuyu wa kwao huvua majani hatashindwa na picha ya msitu mwekundu wa Ulaya. Ataitazama na kuuliza kule kumepungua nini, maji au mwanga. Swali hilo ndilo tunalopaswa kumpa kabla hajaingia gredi ya kwanza.