Utunzaji wa Gari (3): Upepo wa Matairi na Namna ya Kuupima

Makala iliyotangulia ilieleza namna ya kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Makala hii inashughulikia upepo uliomo ndani yake, kwa sababu mpira, nyuzi na waya zinazounda tairi haziwezi kulibeba gari peke yake, bali kazi yake kubwa ni kuuzuia upepo usitoke, na upepo huo uliosongwa ndio unaobeba mzigo. Gari dogo la kilo 1,300, uzito wake ukigawanyika sawasawa, hulaza kilo 325 juu ya kila tairi, na sehemu ya tairi inayogusa lami haizidi sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Breki na usukani hutegemea vipande vinne vya namna hiyo, na umbo la kila kipande huamuliwa na kiasi cha upepo.

Kinachopimwa ni kanieneo, yaani nguvu ambayo hewa husukumia kila kipande cha eneo la ndani ya tairi. Hutajwa kwa PSI, maana yake pauni kwa inchi ya mraba, ambayo ndiyo inayosomwa katika geji nyingi za vituo vya mafuta na za mafundi wa pancha, au kwa kilopaskali, ambayo kifupi chake ni kPa.

Kiwango sahihi hupangwa na mtengenezaji wa gari, nacho huandikwa katika kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva au, kwa baadhi ya magari, ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kwa kuwa magari mengi ya Tanzania na Kenya yaliingizwa yakiwa yameshatumika Japani, kibandiko hicho mara nyingi huwa cha Kijapani, na wenye magari hukipuuza wakidhani hakisomeki, ilhali tarakimu zake ni zilezile. Inatosha kutafuta namba iliyo karibu na herufi kPa, kama vile 220, na kuigawa kwa 6.9 ili kupata PSI, ambayo hapa ni takriban 32. Namba ya juu kabisa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi isifuatwe, kwa kuwa huonyesha ukomo ambao tairi huweza kuustahimili, si kiasi ambacho gari linahitaji.

Tairi hupimwa likiwa limepoa, yaani gari likiwa limeegeshwa kwa saa tatu au zaidi. Sababu yake imo katika kanuni inayohusishwa na mwanasayansi wa Ufaransa, Joseph Louis Gay-Lussac, isemayo kwamba gesi iliyofungiwa mahali pasipotanuka huongeza kanieneo kadiri joto linavyopanda. Tairi lililojazwa kPa 220 kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, hewa yake ikifika nyuzi 55 kwa sababu ya safari, husomeka takriban kPa 250. Dereva akidhani limezidi na kulipunguza hadi 220, tairi hilo likipoa litabaki na takriban 190 tu.

Upungufu huo si jambo dogo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja mno ubavuni kila linapozunguka, kujikunja huko huzalisha joto, na joto hulegeza mshikamano wa mpira na nyuzi zake hadi tairi hupasuka, hasa gari likiwa na mzigo mzito na mwendo mkali. Lililozidishwa upepo nalo huliwa katikati, hushika barabara kwa eneo dogo, na huumia kwa urahisi likiingia shimoni.

Nchini Marekani, baada ya ajali nyingi zilizohusisha matairi ya Firestone katika magari ya Ford Explorer, ilitungwa mwaka 2000 sheria iliyoelekeza magari mapya yawekewe kifaa cha kumwonya dereva. Hata hivyo, kanuni za huko zinataka taa ya kifaa hicho iwake upepo unapokuwa umepungua kwa asilimia 25, kwa hiyo kuitegemea taa peke yake ni kusubiri hadi robo ya kiwango iwe imekwisha kupotea. Jicho nalo halitoshi, kwa sababu matairi ya siku hizi hutuna kidogo ubavuni hata yakiwa na upepo wa kutosha.

Kwa kuwa hewa hupenya mpira polepole, tairi zima lisilo na pancha hupoteza takriban PSI 1 kwa mwezi. Kila mwenye gari hana budi, basi, kuwa na geji yake, kupima matairi yote pamoja na la akiba angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu, na kurudisha vifuniko vya vali ili mchanga usiingie. Kazi hiyo huchukua dakika chache, nayo ni wajibu kwa kila anayebeba abiria.