Je, Wajua? Kuokoka Hatari, Kuokoka Dhambi

Je, wajua kwamba Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakikimbia vita, kwa muda wa saa 24 hivi? Walitua Benako, kata ya Kasulo, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Kambi ikajaa kuliko miji mingi ya Tanzania ya siku hizo.

Je, wajua kwamba katika maandiko ya Kiebrania, kuokolewa mara nyingi ni jambo la namna hiyohiyo? Ni kutolewa mikononi mwa adui, utumwani au kitandani mwa ugonjwa. Kisa kikuu ni kutoka Misri, na Wayahudi hukisimulia upya kila Pasaka.

Dhambi, hata hivyo, haibaki ng'ambo ya mto. Miongoni mwa waliofika Benako alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa Rusumo, upande wa Rwanda. Mwaka 2004 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, yakiwamo ya watu waliokimbilia kanisa Katoliki la Nyarubuye. Mwaka 2006 rufaa ikamwongezea adhabu: kifungo cha maisha.

Je, wajua kwamba Walawi 16, inayoeleza ibada ya Siku ya Upatanisho, inataja mbuzi wawili? Mmoja alichinjwa. Wa pili kuhani alimwekea mikono kichwani, akaungama makosa ya taifa zima, kisha mnyama akapelekwa jangwani, haoo, na mzigo wake. Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, dhabihu zikakoma. Zikabaki sala, toba na sadaka, na mfungo wa Siku ya Upatanisho. Waabayudaya wa Mbale, Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, huishika siku hiyo hadi leo.

Wakristo wa kwanza, Wayahudi wenyewe, walisema dhabihu ya mwisho ni kifo cha Yesu. Fundisho kwamba mtu huzaliwa tayari ana dhambi ya Adamu lilikomazwa na Mwafrika: Agostino, askofu wa Hippo, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Wayahudi kwa kawaida hawalikubali.

Je, wajua kwamba Wakatoliki na Walutheri, waliogombana karne nne na ushee juu ya namna mwenye dhambi anavyohesabiwa haki, walitia saini tamko la pamoja huko Augsburg, Ujerumani, Oktoba 31, 1999? Waanglikana waliliunga mkono 2017. Kwa Kagera, ambako ndoa za kuchanganya madhehebu si ajabu, hiyo si habari ya maprofesa peke yao.

Na je, wajua kwamba salamu ya "Bwana asifiwe, nimeokoka" ina historia iliyopita jirani kabisa na Kasulo? Miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana, saa chache tu kwa gari kutoka Rusumo. Walioguswa waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Waliungama hadharani, na kwa majina: niliiba hiki, nilimdanganya fulani. Kisha vitu vilirudishwa na madeni ya zamani yakalipwa. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wao, kuliko kwenye nyimbo. Moto huo ulivuka mpaka ukaingia Tanganyika, ukamfikia hata Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Je, wajua kwamba huko Rwanda mahakama za jamii za Gacaca, zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari na kufungwa rasmi 2012, zilimpunguzia adhabu aliyekiri na kuomba radhi? Aliyepora mali alitakiwa kuirudisha au kuilipa.

Marabi walishalisema jambo hilo zamani. Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho yao, inafundisha kwamba Siku ya Upatanisho haifuti kosa ulilomtendea jirani mpaka umridhishe mwenyewe. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliweka utaratibu: uliyemkosea akikataa kukusamehe, chukua rafiki watatu uende tena, mara ya pili, mara ya tatu. Akiwa amekwisha kufa, nenda na watu kumi kaburini kwake, ukiri mbele yao. Na kama kosa lilikuwa deni la fedha, walipwe warithi.