Bajeti ya jiji inakuhusu hata kama duka lako ni simu

Wadau, madiwani wakikaa kupitia rasimu ya bajeti, wengi tunasema hayo ya wakubwa. Sasa sikia: hapa Tanzania sheria inaitaka halmashauri itenge 10% ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Vikundi vya wanawake 4%, vijana 4%, wenye ulemavu 2%.

Mapato ya ndani ndiyo ushuru wa soko, leseni na kadhalika. Ruzuku ya serikali kuu haimo. Ila makadirio ni karatasi tu, pesa ya kukopesha inatoka kwenye kilichokusanywa kweli. Mimi naangalia hapo kwanza.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kabla haujafika, muulize diwani wako: mwaka huu vijana wametengewa ngapi, na zimetoka ngapi?