Ni Nani Anayeushika Unyasi? Elimu ya Visu vya Kufyekea

Katika milima ya Usambara Mashariki, mahali paitwapo Amani, ambapo Wajerumani waliasisi mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, na ambapo mvua inyeshayo kwa mwaka hufikia kiasi cha milimita 1,900, kazi ya kufyeka haina mwisho. Sababu yake imo katika maumbile ya nyasi zenyewe: mchai wa mashamba ya Kwamkoro huchipua kwa ncha za matawi, ilhali ukoka hukua kwa chini, karibu na ardhi, hata makali yapitapo juu yake chimbuko la uhai wake husalia salama.

Aghalabu watu hudhani kwamba siri yote ya kukata imo katika ukali wa chuma. Lakini anayetafakari huona bayana kwamba kukata kwahitaji mambo mawili, chuma kinachosukuma na kitu kinachozuia, maana unyasi ni mwembamba tena wanyumbuka, na ukisukumwa pasipo kuzuiwa huinama tu, kisha ukainuka ukiwa mzima. Basi tofauti iliyopo baina ya ala za kufyekea, tangu mundu hata mtambo wa injini, asili yake ni swali moja: ni nani anayeushika unyasi wakati wa kukatwa?

Katika mundu, mshikaji ni mkono wa mkataji mwenyewe, naye huyavuta makali yaliyopinda yakateleza juu ya mashina, na kule kuteleza ndiko kunakopunguza nguvu inayotakiwa.

Edwin Budding wa Gloucestershire, Uingereza, aliyepata hataza ya mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, alitoa jibu jingine, alilolichukua katika viwanda vya nguo, ambamo mtambo wenye visu ulikuwa ukinyoa malaika ya sufu juu ya kitambaa. Katika mashine yake silinda yenye visu vilivyosokotwa huzunguka na kuusukuma unyasi juu ya kisu cha pili kisichosogea. Na kwa kuwa visu vimesokotwa, hukutana na kile cha chini nukta baada ya nukta, kama mkasi wa mshona nguo, hata nguvu ndogo ikatosha na jeraha likawa safi. Ila nyasi zikiwa ndefu huinamishwa na silinda kabla ya kufikiwa na makali, na jiwe dogo tu laweza kuviharibu visu vyote viwili.

Jibu la tatu ni la kwanja, na vilevile la mashine yenye kisu bapa kinachozunguka. Humo hamna mkono wala kisu cha pili. Kinachoushika unyasi ni uzito wake na ugumu wa shina lake, madhali kila kitu kilichotulia hukataa kuondolewa ghafula, na kisu chenye kasi ya kutosha huwa kimekwisha pita kabla unyasi haujawahi kuinama. Kisu cha sentimita 50 kizungukacho mara 3,000 kwa dakika, ncha zake hukimbia takriban mita 78 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Ukingo wake wa nyuma hukunjwa juu kidogo ili uvute upepo, upepo ukaziinua nyasi zilizolala. Lakini kasi ina gharama yake: ikiongezwa mara mbili, nishati ya kisu huwa mara nne, na ndiyo maana jiwe lililopigwa nacho laweza kumjeruhi mtu aliye mbali.

Watu wa Tanga wanayo hoja nyingine ya kuzingatia, kutoka katika mkonge, alioufikisha pwani hii Richard Hindorf mwaka 1893. Katika korona, yaani mtambo wa kutenga nyuzi za mkonge, visu hufanywa butu kwa makusudi, kwani kazi yake ni kuiponda nyama ya jani na kuziacha nyuzi salama. Kisu butu cha nyasi hufanya jambo hilohilo pasipo kutakiwa: huponda na kurarua, ncha za ukoka zikageuka rangi ya kahawia, zikapoteza maji na kuvu wakapata mlango. Fauka ya hayo, nyasi zina chembe za silika, madini yaliyomo katika mchanga, ambazo huyala makali kila siku ya kazi.

Kwa hiyo, palipo tambarare penye ukoka mfupi, silinda haina mpinzani. Penye uwanja mpana, kisu cha mzunguko chafaa zaidi. Na kwenye miteremko ya Amani, penye mawe na nyasi ndefu zenye maji, kwanja lingali na heshima yake. Lakini lolote utakalolichagua, ndugu msomaji, tupa isikae mbali nawe. Na kama ni kisu cha injini, zima mtambo na uchomoe waya wa plagi kwanza, kisha noa pande zote mbili kwa kadiri moja, kwani upande mmoja ukizidi uzito mtambo hutetemeka na beringi huharibika kabla ya wakati wake.