Winchi kwenye gari la kazi: tuliyojifunza Bunia

Katika kazi ya upatanisho, kuchelewa kunaweza kuharibu yaliyojengwa kwa miezi mingi. Sisi tulijifunza hilo katika eneo la Djugu, kaskazini mwa Bunia. Tulikuwa tumewabeba wajumbe wa jamii moja kwenda kuzungumza na majirani zao. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na gari letu likazama kwenye matope hadi kwenye milango. Majirani walikwisha kufika kwa miguu. Walisubiri hadi saa tisa alasiri, kisha wakaondoka wakisema wamedharauliwa.

Gari lilitolewa na vijana wa kijiji cha karibu, tukawapa fedha kidogo. Kesho yake habari ilienea kwamba shirika letu linalipa upande mmoja. Ilituchukua wiki kadhaa kuwarudisha watu kwenye mazungumzo. Ndipo tulipoamua kufunga winchi, yaani mashine inayovuta gari kwa kamba ya chuma.

Wasomaji walioko Ituri wanaijua hali yenyewe. Kwenye Barabara ya Taifa namba 27, inayotoka Bunia kwenda Mahagi, malori mazito huchimba mifereji mirefu wakati wa mvua. Njia za vijijini ni mbaya zaidi. Tangu mapigano yalipoanza tena Djugu mwishoni mwa 2017, kulala njiani kwa sababu ya matope ni hatari kwetu na kwa tunaowabeba.

Kabla ya kununua

• Pima uzito. Chukua uzito wa gari likiwa na watu, mafuta na mizigo, kisha uzidishe kwa moja na nusu. Gari la kilo 3,000 linahitaji winchi ya kuvuta kilo 4,500 au zaidi, kwa sababu matope hulishika gari.
• Pima umeme. Ukikuta betri mbili, usikisie. Fundi apime kama mfumo ni wa volti 12 au 24, kisha ununue winchi inayolingana.
• Angalia springi za mbele. Winchi na kamba yake vinaweza kufika kilo 40, na bamba la kuifungia linaongeza uzito.

Namna ya kuifunga

1. Tenganisha betri kabla ya kuanza kazi.
2. Funga bamba nene la chuma kwenye chasi. Winchi iliyofungwa kwenye bampa peke yake itaing'oa bampa siku ya kwanza.
3. Kaza winchi juu ya bamba kwa bolti zilizokuja nayo. Usiweke bolti za kawaida za sokoni, zinaweza kukatika.
4. Mbele yake funga fremu yenye rola nne. Hizo huongoza kamba ya chuma isikatwe na ukingo wa bamba.
5. Pitisha nyaya mbili nene hadi kwenye betri, nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi. Zisiguse bomba la moshi wala chuma chenye makali. Weka swichi ya kukata umeme, ili winchi isianze yenyewe wala kuchezewa na watoto gari likiwa limeegeshwa.
6. Fungua kamba, ukiacha mizunguko mitano kwenye ngoma. Funga ncha kwenye mti imara, kisha gari lijivute polepole mahali penye mwinuko kidogo. Hivyo kamba itajipanga ikiwa imekazwa, na haitajibana siku ya shida.

Namna ya kuitumia

Kamba ya chuma ikikatika hurudi kwa nguvu na inaweza kuua. Kwa hiyo dereva wetu haanzi kuvuta kabla watu wote hawajasogea mbali, umbali unaozidi urefu wa kamba iliyotolewa. Katikati ya kamba tunaweka blanketi zito, ili ikikatika ianguke chini. Anayeshika kamba anavaa glavu za ngozi. Hakuna anayeruka kamba iliyokazwa.

Injini iwe inanguruma wakati wa kuvuta, maana winchi hula umeme mwingi na humaliza betri haraka. Vuta kwa muda mfupi, pumzisha, kisha vuta tena. Mizunguko mitano ya mwisho ibaki kwenye ngoma daima. Hiyo ndiyo inayoshikilia kamba isichomoke.

Nguvu isipotosha, tumia kapi. Fungia kapi kwenye mti, pitisha kamba ndani yake, kisha urudishe ndoano kwenye gari lako. Nguvu itakaribia kuwa mara mbili, na mwendo utapungua kwa nusu.

Winchi na ujirani mwema

Mafundi wengi wangeishia hapo. Sisi tuliongeza kanuni nyingine, tukazibandika ndani ya gari:

• Mti una mwenyewe. Tunaomba ruhusa kwanza, na tunazungushia mkanda mpana ili kamba isichubue gome. Mti wa matunda hatuugusi.
• Tunawavuta raia wote tunaowakuta wamekwama, bila kuuliza kabila wala kijiji, na hatutozi fedha.
• Hatuvuti gari lenye watu wenye silaha, wa upande wowote. Likiwa limeziba njia, tunasalimu, tunaeleza msimamo wetu kwa upole, na tunangoja au tunarudi. Tukimvuta mmoja, mwingine atatuhesabu kuwa adui.
• Tukipita salama bado tunasimama kuwasalimu wazee. Gari linalopita bila salamu huzaa maneno.

Kanuni ya mwisho ilitoka kwa mzee mmoja wa kijiji. Alituambia, “Zamani mlikuwa mnatuhitaji, sasa mnapita tu.” Tuliona ana haki. Tangu hapo, vijana wanaoziba mashimo ya barabara tunakubaliana nao mapema, kupitia kamati ya kijiji yenye watu wa pande zote mbili, na malipo yanatangazwa hadharani.

Mvua zilizofuata tulikwama tena, karibu na mahali palepale. Tulitumia kapi na mti wa mkaratusi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Baada ya dakika kama 40 tulikuwa njiani. Tulifika tumechelewa, lakini wajumbe wa upande wa pili walikuwa bado wamekaa chini ya mti wakitungoja. Mazungumzo yakafanyika siku hiyo hiyo.

Winchi haileti amani. Imetusaidia kutimiza ahadi ya kufika, na ahadi ya namna hiyo ikivunjwa mara mbili, hakuna atakayetualika mara ya tatu.