Shingo imevimba? Usikubali ugonjwa wa kukisiwa

Nilikuwa kwenye matatu ya 46 nikitoka Kawangware kwenda tao nilipougusa mara ya kwanza: uvimbe upande wa kushoto wa shingo, saizi ya haragwe. Nikaachana nao. Hasla haingoji.

Wiki mbili baadaye ulikuwa saizi ya ndimu ndogo, unauma, na kila jioni homa inanipiga. Duka moja la dawa mtaani likaniuzia antibiotiki. Nikamaliza dozi, nikarudi, nikauziwa nyingine. Wapi! Wasee wa ploti wakatoa hukumu: "Hiyo ni TB." Mama hakusema kitu, lakini nilijua anawaza kansa, maana aliacha kuniangalia shingoni.

Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Tezi za limfu, zile wazee huita mitoki, ni vituo vya askari wa mwili. Zikivimba zinakwambia kuna vita, ila hazikwambii adui ni nani. Yaweza kuwa jino bovu, TB, virusi vya Ukimwi au kansa. Yaweza pia kuwa ugonjwa adimu.

Daktari wa kliniki moja katikati ya jiji alikataa kukisia. Nilipimwa TB na Ukimwi, kisha nikakatwa kipande cha tezi kikapelekwa maabara. Pesa nilizoweka za simu mpya ziliishia hapo. Jibu: ugonjwa wa Kikuchi. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka wa 1972. Hupata sana vijana wa chini ya miaka 40, chanzo chake bado hakijulikani, na hauambukizi. Kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya mwezi 1 hadi 4. Mimi nilipewa dawa za maumivu tu.

Kama ningeanza dawa za TB kwa kukisiwa, ningezimeza miezi 6 bure, kisha niape kwamba ndizo zilizoniponya.

Bado narudi kliniki, kwa sababu wachache hupata lupasi baadaye, ambapo kinga huushambulia mwili wenyewe.

Basi uvimbe ukipita wiki mbili, ukizidi kukua, ukiwa mgumu, au ukija na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda upimwe. TB hupimwa bure hospitali za umma.

Mama? Ameanza tena kuniangalia shingoni. Sasa anauliza nitaoa lini.